Kutandika baraza la mbao za kompoziti bustanini, kutoka shimo la kwanza hadi ubao wa mwisho

Mteja wangu wa kwanza wa kazi hii alinipigia simu akasema anataka deki bustanini kwake. Nami, fundi seremala niliyekulia Keko kwenye vumbi la mninga, deki niliyoijua ni ya ndoo na tambara. Nikamjibu kwa adabu kwamba mimi sifanyi usafi. Alicheka sana, kisha akanitumia picha: sakafu ya mbao nje ya nyumba, viti viwili, mwarobaini pembeni. Tangu siku hiyo nimetandika kadhaa, Mbezi, Kigamboni na Bagamoyo, na neno nililozoea kulitumia ni baraza, kwa sababu kazi yake ni ile ile ya baraza: kukaa nje jioni na kupunga upepo.

Maelezo haya ni ya anayetaka kutandika mwenyewe, au anayetaka kumsimamia fundi bila kuzungushwa. Nimeyaandika kwa hali ya pwani ya Dar es Salaam: jua, masika, chumvi ya bahari na mchwa. Aliye Arusha au Nairobi aondoe chumvi, mengine yabaki.

Unanunua nini hasa

Ubao wa kompoziti ni unga wa mbao uliochanganywa na plastiki, mara nyingi poliethilini, ukapashwa moto na kusukumwa kupitia kalibu hadi ukatoka na umbo la ubao. Soko lake lilikua kwanza Marekani. Trex, kampuni ya Virginia iliyochipuka kutoka kampuni ya mafuta ya Mobil mwaka 1996, ilianza na unga wa mbao na plastiki chakavu ya mifuko, jamaa ya mifuko ile iliyopigwa marufuku Kenya mwaka 2017 na kwetu Tanzania mwaka 2019. Dukani ukisema WPC, kifupi cha Kiingereza cha wood-plastic composite, utaeleweka haraka. Mtaani watu husema tu mbao za plastiki.

Kuna zenye matundu ndani na zilizojaa. Zenye matundu ni nyepesi na bei yake ni nafuu, lakini zinataka mihimili iliyokaribiana, na ukiangusha nyundo unaweza kuubonyeza ubao. Halafu kuna zenye ngozi, yaani zimevikwa tabaka la plastiki tupu kwa nje, na zisizo na ngozi. Kama unapanga kula nje, chukua zenye ngozi. Mafuta ya nyama choma yakidondoka kwenye ubao usio na ngozi yanazama, na hapo utayasimulia miaka yote.

Rangi usichague kwenye kitabu cha picha. Omba vipande vya mfano, viweke juani saa sita mchana, uvikanyage peku. Kahawia iliyokolea na nyeusi huwaka kiasi kwamba mtoto hawezi kusimama. Mimi hushauri kijivu hafifu au rangi ya mchanga, na mwenye nyumba akishajaribu kwa mguu wake sihitaji kubishana naye.

Jambo moja liingie kichwani kabla ya pesa kutoka mfukoni: mbao hizi hazibebi zenyewe. Ubao wa mninga wa unene huo ungevumilia mihimili iliyoachana nusu mita. Wa kompoziti unapinda polepole kwa joto na uzito, na ukishapinda haurudi. Kwa hiyo kazi kubwa ni ile isiyoonekana, na huko ndiko mafundi wanakolipua.

Hatua ya 1: Chora kwanza, baraza lifuate ubao

Watu wengi hupima eneo halafu wakanunua mbao. Fanya kinyume. Uliza mbao zinauzwa kwa urefu gani, kisha ukubwa wa baraza utoke hapo, usikate ovyo wala kuunga katikati.

Nichukue mfano nitakaoutumia hadi mwisho. Mbao zina upana wa milimita 146, unene wa milimita 25 na urefu wa mita 2.9. Nyumba imeinuka sentimita 45 kutoka ardhini, ngazi tatu za kawaida. Mbao nazielekeza kutoka ukutani kwenda bustanini, kwa hiyo kina cha baraza ni mita 2.9 bila kiungo hata kimoja. Kwa upande wa ukuta naweka mbao 28. Kati ya ubao na ubao klipu, yaani vibanio vidogo vinavyoushika ubao kwenye mhimili, huacha milimita 5. Mbao 28 ni milimita 4,088, nafasi 27 ni milimita 135, jumla milimita 4,223. Baraza letu basi ni mita 4.22 kwa mita 2.9, na hakuna ubao wa kupasua kwa urefu.

Vifaa vya baraza hilo ni hivi:

- mbao za kompoziti 30, yaani 28 na mbili za akiba
- mbao za pembeni za kufunika kingo, 4
- klipu 300, pamoja na za kuanzia na za kumalizia
- mbao za inchi 2 kwa 6 zilizotiwa dawa, futi 12, vipande 4
- mbao za inchi 2 kwa 4 zilizotiwa dawa, futi 12, vipande 15
- saruji mifuko 4, mchanga na kokoto
- kitambaa cha kuzuia magugu, kama mita 14 za mraba
- skrubu na vyuma vya pembe

Kuhusu skrubu usiwe bahili. Karibu na bahari chuma cha kawaida hakimalizi mwaka bila kutu, na hata zilizopakwa zinki huanza kulia machozi mekundu. Nunua stenlesi. Ukiwa mbali kidogo na maji, daraja la 304 linatosha. Kama mawimbi unayasikia kitandani, tafuta 316.

Hatua ya 2: Uzi na pembe

Piga vigingi, vuta uzi. Pembe ya kwanza ipime kwa tatu-nne-tano: mita 3 upande mmoja, mita 4 upande wa pili, na kati ya alama hizo lazima zitoke mita 5 kamili. Kisha pima mshazari wa eneo zima, kona hadi kona, pande zote mbili. Kwa mfano wetu inatoka mita 5.12, na mishazari yote miwili ilingane. Ikipishana zaidi ya sentimita moja, sogeza vigingi. Kosa la hapa huonekana kwenye ubao wa mwisho, siku ambayo mwenye nyumba ameshaalika wageni.

Kabla jembe halijagusa ardhi, uliza bomba la maji linapita wapi, waya wa taa za bustani uko wapi, na chemba ya maji taka iko wapi. Chemba usiifukie kamwe. Kama imeingia ndani ya eneo, panga mapema sehemu ya mbao itakayofunguliwa kwa skrubu. Siku itakapoziba hutataka kubomoa baraza zima.

Hatua ya 3: Ardhi ya chini

Toa nyasi na mizizi yake hadi sentimita 10. Ukwangue na kushindilia udongo, na uelekeze mteremko mbali na nyumba. Hili la mteremko wa ardhi wengi hulisahau, wanafikiri maji ya mvua yatapita tu. Yatapita juu ya mbao, yatashuka kwenye nafasi, kisha yatatuama chini gizani, na hapo umefuga mbu wako mwenyewe.

Tandaza kitambaa cha kuzuia magugu, kile kinachopitisha maji. Nailoni usiitumie, inazuia maji kunywewa na ardhi. Kokoto za kufunika kitambaa subiri nguzo ziishe, la sivyo utazizika zote kwenye mashimo.

Kama tayari una sakafu ya zege inayoteremka vizuri, umepona hatua mbili: utalaza mihimili myembamba moja kwa moja juu yake, ukiacha njia za maji. Mradi tu mihimili isilale kukatisha mkondo wa maji kutoka ukuta hadi ukuta.

Hatua ya 4: Nguzo 12

Mihimili mikuu itakuwa minne, kila mmoja ukitoka ukutani kwenda bustanini, ikiachana karibu mita 1.4. Kila mmoja unakaa juu ya nguzo tatu fupi za zege, moja sentimita 10 kutoka ukutani, moja katikati, moja sentimita 10 kabla ya mwisho. Ndiyo hizo 12.

Chimba mashimo ya sentimita 30 kwa 30, kina sentimita 45. Kwenye mchanga wa Mbezi au Kigamboni ukifika hapo na bado unazama, endelea hadi upate pagumu. Udongo mweusi wa mbuga unaovimba wakati wa mvua na kupasuka kiangazi unataka kina zaidi. Sisi hatuna barafu ya kuinua nguzo kama Ulaya, adui yetu ni udongo unaocheza.

Changanya zege la moja kwa mbili kwa nne: saruji ndoo moja, mchanga mbili, kokoto nne. Mashimo yote 12 yatakula karibu nusu mita ya ujazo, ndiyo maana nikasema mifuko minne ya saruji.

Sasa vimo. Uso wa baraza nautaka uwe sentimita 5 chini ya kizingiti cha mlango, mvua ya upepo isiingie sebuleni. Kizingiti kiko sentimita 45, basi uso uwe sentimita 40. Toa ubao sentimita 2.5, mhimili mdogo utakaolala juu ya mkuu sentimita 10, mhimili mkuu sentimita 15. Zinabaki sentimita 12.5, na huo ndio urefu wa nguzo ya ukutani juu ya ardhi. Nguzo za nje ziwe chini zaidi, kwa sababu baraza linashuka sentimita moja kila mita. Kutoka nguzo ya kwanza hadi ya mwisho ni mita 2.7, kwa hiyo tofauti ni milimita 27, na ya katikati ni nusu yake. Vimo vihamishe kwa mpira wa maji, ule mpira mweupe unaoonyesha ndani: maji yake husimama kimo kimoja ncha zote mbili. Hauna betri, haudanganyi, na mimi nauamini kuliko vifaa vya taa nyekundu juani, ambako ile taa huioni.

Usishawishike kuzilaza mbao ardhini ili kuokoa nguzo. Mchwa hawali kompoziti kwa hamu, ila mihimili ni mbao kama mbao nyingine. Nguzo ya zege iliyo wazi ina faida moja kubwa: mchwa akitaka kupanda lazima ajenge njia yake ya udongo juu ya zege, na wewe ukiinama na tochi utaiona.

Acha zege likae siku saba. Mwagia maji asubuhi na jioni.

Hatua ya 5: Mihimili

Mbao zilizotiwa dawa, nyingi ni misindano ya Sao Hill huko Mufindi, na ukijani wake ni wa shaba iliyomo kwenye dawa. Dawa hiyo mara nyingi ina kromu na aseniki pia, kwa hiyo mabaki yake usiyatie jikoni wala kumpa mama lishe jirani akapikie. Na dawa haifiki kila mahali ndani ya ubao. Ukikata, ncha mpya paka dawa tena kabla ya kufunga. Kuna mafundi wanaopaka oili chafu ya magari. Mimi niliacha: inadondoka kwenye udongo wa bustani, inanuka jua likiwaka, na mbao inaishia kunywa juu juu tu.

Juu ya kila nguzo weka kipande cha karatasi ya lami, ili unyevu wa zege usipande kwenye mbao. Kisha laza mihimili mikuu ya 2 kwa 6, imesimama kwa upana wake, na uifunge kwa vyuma vya pembe.

Juu yake ndiyo inakuja mihimili midogo 10 ya 2 kwa 4, sambamba na ukuta. Wa kwanza na wa mwisho wakae sentimita 2.5 ndani ya ncha za mbao, iliyobaki igawanywe sawa: milimita 2,850 kwa nafasi 9, ni kama milimita 317 katikati hadi katikati. Watengenezaji wengi huruhusu hadi 350 au 400 kwa mbao zinazotandikwa moja kwa moja, na 300 zikienda mshazari. Soma karatasi ya mbao zako. Ikitofautiana nami, ifuate yenyewe, kwa sababu dhamana iko kwao. Mimi hubaki karibu na 300 kwa sababu ya joto letu.

Mbao ya futi 12 ni mita 3.66, haifiki mita 4.22. Kila mhimili mdogo basi ni vipande viwili, cha mita 2.8 na cha mita 1.4, na kiungo kinakaa juu ya mhimili mkuu. Unaofuata geuza, kirefu kianze upande wa pili, viungo visipangane mstari mmoja. Ukihesabu hivyo vipande 15 vinatosha, na yale mabaki ya karibu sentimita 86 utayakata tatu tatu yawe vipande vya kukaza kati ya mihimili, isipinde ubavu.

Hapa nakaa kidogo. Inchi 2 kwa 4 ya sokoni haifiki inchi 2 kwa 4. Nimepima kwenye fungu moja nikapata ya milimita 92 na ya milimita 99. Seremala wa sakafu ya mninga hupiga randa ya juu, mambo yakaisha. Kompoziti haipigwi randa, inafuata kila nundu na kila bonde la chini yake kama nguo iliyotandikwa juu ya mawe. Kwa hiyo chukua rula ndefu iliyonyooka, ipitishe juu ya mihimili yote kumi. Palipoinuka piga randa mhimili, paliposhuka ingiza kabari ya plastiki ngumu, usiweke ya mbao laini itakayobonyea. Ukimaliza, pita tena kwa kukatisha. Nusu siku ikiishia hapa, imeishia pazuri.

Mwishowe bandika utepe wa lami juu ya mgongo wa kila mhimili. Skrubu zikitoboa, utepe unaziba, na maji hayaingii kwenye tundu. Sasa mwaga kokoto chini, sentimita 5, kwa sababu baadaye hutafika tena.

Kuna wanaotumia bomba za chuma za pembe nne badala ya mbao. Ni nzuri kwa mchwa, mbaya kwa chumvi. Kama umeamua chuma, kiwe kimezamishwa kwenye zinki, na kila ulipochomelea paka rangi ya zinki upya. Alumini ingekuwa bora kuliko vyote, ila bei yake inamshinda mteja wa kawaida.

Hatua ya 6: Mbao zizoee mahali

Zilete siku mbili kabla, zilaze zote tambarare kivulini, vipande vya mbao katikati ili hewa ipite. Ukiziegemeza ukutani juani zitapinda kama upinde. Changanya mbao za mafungu mbalimbali kabla ya kutandika, rangi hutofautiana kidogo fungu kwa fungu.

Kukata ni rahisi. Msumeno wa umeme wa duara wenye meno madogo madogo ya kabaidi, mwendo wa taratibu. Ukisukuma haraka plastiki inayeyuka na kuacha ukingo wa nywele. Vaa miwani na barakoa, na tandika turubai chini, kwa sababu vumbi lake lina plastiki na halina budi kukusanywa, lisiishie kwenye maua.

Hatua ya 7: Kutandika, na lile kosa langu

Baraza langu la pili nililitandika mwezi Julai, asubuhi na mapema, upepo wa kusi unavuma, kila kitu kimepoa. Nikalipeleka hadi likagusa ukuta, kwa sababu lilipendeza hivyo. Januari, kaskazi imeshika, mwenye nyumba akanipigia: mbao tatu zimenyanyuka katikati kama mgongo wa ngamia. Sikuwa na wa kumlaumu.

Kompoziti hurefuka kwa joto, na hurefuka kwa urefu wake kuliko upana. Ubao wa mita 2.9 ukitoka kwenye nyuzi 20 za alfajiri ya Julai hadi nyuzi 60 za uso wake mchana wa Februari, unaweza kuongezeka milimita 4 au 5. Ukikosa pa kwenda, unakwenda juu. Kwa hiyo ukutani acha milimita 10 kamili, na ukitandika asubuhi ya baridi, fanya 12. Kila nguzo ya kibaraza au mti unaopita katikati ya mbao uachie hivyo hivyo. Kama baraza lako ni refu kiasi cha kuunga mbao ncha kwa ncha, weka mihimili miwili pamoja chini ya kiungo, kila ncha ipate wake, na uache milimita 6 kati yao.

Anza upande unaoonekana zaidi. Funga klipu za kuanzia kwenye kila mhimili, ingiza ubao wa kwanza, uupime kwa uzi. Huu ukienda kombo, mbao 27 zinazofuata zitaufuata kwa utii. Sukuma klipu za kawaida kwenye mfereji wa ubavu wa ubao, moja kwa kila mhimili, kaza skrubu nusu, leta ubao wa pili, ugonge kwa nyundo ya mpira hadi ukae, ndipo ukaze kabisa. Drili iwe kwenye nguvu ndogo. Klipu ikivunjika au ikizama, umekaza mno.

Halafu kuna siri ndogo. Klipu huuacha ubao uteleze kidogo, na ndivyo inavyotakiwa, lakini kwenye mteremko mbao huanza kushuka zenyewe mwaka baada ya mwaka, moja imetoka nje sentimita, nyingine imebaki. Katikati ya urefu wa kila ubao toboa tundu moja la mshazari ubavuni na ulifunge kwa skrubu ndefu nyembamba kwenye mhimili. Moja tu. Ubao sasa utarefuka sawa pande zote mbili na hautatembea.

Kila mbao tano simama, pima kutoka ubao wa kwanza hadi huo, ncha ya ukutani na ncha ya bustani. Tofauti ya milimita 3 unaweza kuirudisha kidogo kidogo kwenye mbao tatu zinazofuata bila mtu kujua. Tofauti ya sentimita 2 haina dawa, fungua.

Ubao wa mwisho hauna pa kuingizia klipu kwa nje. Tumia klipu za kumalizia, au toboa kwanza kwa biti na ufunge skrubu kutoka juu, rangi ifanane. Kutoboa kwanza ni lazima, karibu na ncha ubao huchanika.

Ncha za bustani usizikate moja moja. Ziache zizidi kidogo, ukishamaliza piga mstari wa chaki na ukate zote kwa mkono mmoja, zikining'inia si zaidi ya sentimita 5 nje ya mhimili, na mimi huachia mbili na nusu.

Hatua ya 8: Kingo na ngazi

Mbao za pembeni zinafunika ncha na mihimili. Upande wa mbele wa mita 4.22 utakula mbao moja na nusu hivi, pande mbili moja moja. Zifunge kwa skrubu, matundu yakiwa makubwa kidogo kuliko skrubu zenyewe, na kati yake na ncha za sakafu acha milimita 5. Chini acha uwazi wa sentimita kadhaa hewa ipite. Hewa ndiyo itakayokausha mihimili baada ya masika. Ukiogopa nyoka na panya, ziba kwa wavu wa chuma wa matundu madogo, usizibe kwa ubao.

Ngazi moja katikati ya baraza na ardhi inatosha kwa kimo hiki. Mihimili yake iwe karibu zaidi, sentimita 25, mguu hutua kwa nguvu pale.

Miezi ya kwanza

Mbao zisizo na ngozi zitatoa maji ya rangi ya chai mvua za mwanzo zikinyesha. Ni rangi ya unga wa mbao inayotoka, itaisha, lakini kama maji hayo yanashukia vigae vyeupe, suuza siku hiyo hiyo. Rangi ya ubao nayo itafifia miezi miwili mitatu ya kwanza kisha itulie. Mpigie fundi baada ya hapo, kabla ya hapo atakujibu kama ninavyokujibu mimi.

Jiko la mkaa lisikae juu ya mbao moja kwa moja, hata kwa dakika tano. Weka kigae kikubwa au bati lenye miguu. Sufuria iliyotoka motoni itaacha duara la kudumu. Na kama una madirisha ya kioo cha kurudisha mwanga, angalia saa tisa alasiri mwanga wake unatua wapi, maana nao hulainisha plastiki.

Kusafisha ni maji, sabuni na brashi laini kufuata mistari ya ubao. Mara moja kabla ya masika toa majani yaliyojaa kwenye nafasi kwa kisu cha plastiki, kisha lala kifudifudi na tochi uangalie nguzo kama kuna njia za mchwa.

Zile mbao mbili za akiba usizifungie stoo. Zilaze nje nyuma ya nyumba, zipigwe na jua lile lile, ili siku moja ukibadilisha ubao rangi ziwe zimefifia pamoja.